Msiende Kisaki Kutafuta Msokoto

Vijana, kabla hamjapakia majembe kwenye gari, nisomeni kwanza. Nimesikia mnapanga safari ya Kisaki, mkachimbe mashina ya ile nyasi tuliyozoea kuiita msokoto, mje kuipanda kwenye miteremko iliyomomonyoka. Mmesoma lebo kwenye kabati la tatu. Lebo inasema nyasi hiyo huota yenyewe Kisaki, karibu na reli, na kwamba mkusanyaji wake ni Rajabu. Rajabu ni mimi. Lebo niliiandika kwa mkono wangu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko ukweli wake.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Nitachanganya na mambo ya kazi, maana karibu kila ninachokijua kuhusu nyasi nimekipata kwa kumwonea wivu mwanamke mmoja, na sijui namna ya kuwapa kimoja nikaficha kingine.

Shule niliacha darasa la tano. Akili ilikuwapo, ila miguu ilikuwa inawasha. Nimekata mkonge, nimepakia magunia stesheni ya Ngerengere, nimechunga ng'ombe wa watu, nimekaanga samaki. Kila mahali nilikaa mpaka maswali yakaniishia, kisha nikahama. Siku moja Morogoro mjini nikamwona mtu mzima amepiga magoti kando ya mtaro, pua karibu na ardhi. Nikadhani amepoteza pete. Na mimi nikapiga magoti nikamsaidia kutafuta. Tulipapasa muda mrefu, mwisho nikauliza, "Shikamoo mzee. Kwani tunatafuta nini?"

"Marahaba," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimeshapata. Wewe je?"

Huyo ndiye Mzee Kibwana, mtunza chumba cha makabati, na alichokuwa amekipata ni unyasi mmoja wenye ulimi mdogo mahali jani linapoachana na shina. Alinionyesha kwa kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimekanyaga nyasi maisha yangu yote, sikujua zina ulimi. Wiki ile ile nikawa mbeba mizigo wake, na kwa mara ya kwanza maswali hayakuniishia.

Chumba mnakijua. Makabati ya chuma, harufu ya dawa ya nondo, mimea mikavu imebandikwa kwenye karatasi, kila karatasi na lebo yake. Ufunguo Mzee Kibwana aliuvaa shingoni kwa kamba ya viatu. Katika kabati la tatu palikuwa na karatasi moja aliyoipenda na kuichukia. Ilikuwa na masuke makavu ya nyasi fulani, yaliyokatwa juu juu, na lebo iliyoliwa na wadudu hadi yakabaki maneno mawili tu: Morogoro, na mawe. Nyasi ya kudumu, ya asili ya huku kwetu, na hakuna aliyejua inapoota.

"Nataka kuiona imesimama kabla sijastaafu," alikuwa akisema. Hakusema zaidi, lakini wote tulielewa: atakayempeleka mahali pake ndiye atakayevishwa ile kamba ya viatu.

Niliutaka ufunguo ule. Naomba mnielewe. Nilikuwa nimelala kwenye mabohari, kwenye vibanda vya walinzi, kwenye behewa bovu. Sikuwahi kuwa na mlango ambao mtu mwingine angenigongea.

Sasa somo la kwanza, ambalo wengi wenu mnaliruka kwa sababu simu zenu zinapiga picha ya juu tu. Nyasi isomwe kuanzia miguuni. Ya msimu utaing'oa kwa mkono mmoja na itakuja yote, na mizizi yake ni kama ndevu za kijana. Ya kudumu itakukatalia. Ukiichimba utakuta chini yake masalia ya majani ya miaka iliyopita, mengine meusi kwa moto wa kiangazi, na kando ya mashina yenye masuke utaona machipukizi yasiyozaa bado, yanayongoja mwaka wao. Ukikata juu juu umemleta mgeni bila miguu. Mimi nililijua hilo. Ningeweza kulifundisha. Mtaona lilivyonisaidia.

Mwanamke mwenyewe tulimpata kijiji kimoja juu ya Kinole, tulipotafuta wa kutubebea mbao za kukaushia mimea. Alikuwa Mama Skola, mama yake Skolastika, Mluguru wa kule kule, mwanamke mfupi mwenye vifundo vya mikono kama vya fundi seremala. Alikuwa amekata nyasi za kuezekea tangu alipoweza kushika mundu. Mimi ni Mzigua, na Mzigua na Mluguru ni watani, kwa hiyo hatukuhitaji kufahamiana.

"Mtani," alinisalimu, nikiwa hoi kwenye mteremko, "hilo begi umelibeba au limekubeba?"

Kwa haki ya utani nikaingia jikoni kwake, nikachukua chana nzima ya ndizi mbivu mbele ya macho yake, nikaanza kula. Hakunizuia, wala hatakiwi kunizuia.

"Kula, mtani. Ukivimbiwa ukafa nitakuja msibani na sufuria yangu."

Kesho yake tulikuwa tunashuka kwenda Kisaki kwa wiki mbili. Mama Skola akaniita pembeni, sauti ya upole kabisa. "Kisaki ardhi ngumu kama roho yako. Lete gunia nikujazie godoro." Nikaguswa. Nikampa gunia. Akapanda kwenye ukingo wa mawe nyuma ya nyumba ya mama yake, akarudi nalo limenona, limeshonwa mdomo kwa kamba ya mgomba. Nililifunga juu ya gari kwa heshima.

Kisaki tukapiga kambi karibu na reli, chini ya mkwaju mkubwa. Mchana ule wa kwanza nikajilaza kidogo, na nikaruka kama niliyekalia siafu. Godoro lilikuwa limejaa nyasi za mbegu zenye mkia. Mnazijua mbegu hizo? Mkia wake umejisokota kama kamba. Uweke kiganjani, utemee mate kidogo, utaona unajifungua wenyewe na kuizungusha mbegu kama keekee ya fundi. Hivyo ndivyo inavyojichimbia ardhini mvua ikinyesha. Na kwa jasho la Kisaki, hivyo ndivyo zilivyojichimbia mgongoni kwangu siku kumi na nne. Wenzangu walicheka hadi wakapoteza hamu ya kula. "Mtani wako amekulipa ndizi zake," wakaniambia.

Mwisho panya na mchwa walikuwa wamelitoboa gunia. Nililiacha pale pale, kando ya mafiga yetu, nikaenda zangu. Wala sikuwahi kulifungua nikaangalia ni nyasi gani. Mtu anayekula kwa kazi ya kutambua nyasi alizilalia wiki mbili, akazitukana kila asubuhi, asiziangalie hata mara moja.

Mzee Kibwana hakucheka. Aliposikia habari ile aliuliza tu, "Huyo mama anajua kuchagua nyasi?" Na safari iliyofuata akamwajiri.

Hapo wivu ulianza. Ulikuja taratibu. Kwanza niliona kwamba Mzee Kibwana akimimina chai anaanza na kikombe cha yule mama. Halafu nikaona viatu. Mama Skola hakuvaa buti, alivaa ndala, na hakuteleza. Mimi nilivaa buti na nilikuwa nimechana suruali mbili. Halafu siku moja Mzee akamwambia aweke mikono nyuma, akampa kishina kimoja kimoja bila yeye kuona. Akavipapasa miguuni, kwenye kifundo, kwenye jani kutoka ncha kurudi chini, akasema: hii inakaa kwenye maji, hii ng'ombe hawaigusi, hii imechomwa moto mwaka jana, hii mmeitoa kivulini. Vyote sawa. Kimoja alikitafuna kwanza. Mimi nilihitaji kioo, mwanga wa dirisha na robo saa kwa kila kimoja, na bado niliteleza kwa viwili.

"Umefundishwa na nani?" nikamuuliza.

"Na paa linalovuja," akajibu. "Ukiezeka na nyasi isiyofaa, mvua inakuambia saa hiyo hiyo. Wewe ukikosea nani anakulowesha?"

Nilicheka. Usiku, hapana, nisiseme usiku. Mchana kutwa pia nilikuwa nikiyarudia maneno yale na kutafuta ningemjibu nini. Nikaanza kumwiga. Nikaanza kupapasa, kutafuna, kunusa mizizi. Kila alichokijua nilikiiba, na kila nilichokiiba kilinikumbusha yeye. Ndio maana nikawa hodari. Mnaponisifu kwamba Babu Rajabu anatambua nyasi akiwa amefumba macho, mnamsifu yeye.

Tumaini langu lilikuwa karatasi moja. Mzee Kibwana alimwonyesha ile ya lebo iliyoliwa, mimi nimesimama nyuma yao. Aliitazama, akaigeuza, akaturudishia.

"Hamkuleta miguu yake. Mimi simtambui mtu kwa kofia."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikachora yale masuke kwenye kipande cha karatasi, nikakitia mfukoni mwa shati, nikakitembeza kila mahali.

Baada ya masika mawili nilitumwa Kisaki peke yangu kuchukua majani ya mti fulani. Nilikuwa nafuata reli, nikaingia upande wa kushoto kukwepa jua, na pale mbele yangu, katikati ya manyasi marefu ya kawaida ya bondeni, nikaona nyasi nyingine. Fupi kidogo, nyekundu kidogo, masuke yameinama upande mmoja. Nikatoa karatasi yangu. Nikaishika sambamba na nyasi, nikalinganisha suke kwa suke. Ndiyo yenyewe.

Sasa nisikilizeni kosa. Lori lililokuwa linanirudisha lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani. Nikatoa kisu nikakata masuke. Juu juu. Bila miguu. Mimi niliyejua. Furaha ilikuwa inakimbia kuliko mkono, na katika furaha ile kulikuwa na sura moja tu: uso wa Mama Skola atakapoona.

Mzee Kibwana alilinganisha kwa kioo asubuhi nzima. Kisha akavua miwani. "Ni yeye," akasema, kama anayemtambua ndugu aliyepotea. Wiki hiyo hiyo tukashuka wote watatu, na dereva.

Niliwaongoza kama mwenye shamba. Mzee alipiga magoti, akashika nyasi kwa viganja viwili, akakaa hivyo kwa muda. Macho yake wakati ule yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliiona zaidi kwa vidole. Aliponyanyuka magoti yalikuwa yanamuuma, akarudi kivulini penye gari kuandaa lebo. Nikabaki na Mama Skola.

Alizunguka pale mahali mara moja. Akazunguka tena. Akachuchumaa, akaingiza vidole kwenye udongo chini ya shina moja, akalitikisa, akalivuta likaja na miguu yake yote. Chini kabisa, mahali shina linapoingia ardhini, palikuwa na manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu. Akayapitisha shavuni. Kicheko kikamtoka, akakikatisha kwa mkono.

Kisha akavua khanga ya juu, akaitandika kando ya zile nyasi, sambamba nazo.

"Mtani, njoo ulale hapa."

"Nini?"

"Lala kidogo tu. Nataka kupima."

Sikulala. Sikuhitaji. Nilipoiangalia khanga nikaona kile ambacho furaha yangu ilikuwa imekikanyaga mara ya kwanza: nyasi ile ilikuwa na pembe nne. Ilianza ghafla na kuishia ghafla, urefu wa mtu mzima, upana wa mtu anayelala peke yake. Mama Skola akapekua manyasi kwa kijiti upande wa kichwani. Mawe matatu, meusi kwa moshi. Mafiga yetu. Nilitazama juu kutafuta mkwaju, nikaona kisiki. Wachoma mkaa walikuwa wameshapita. Nilikuwa nimekuja kutoka upande mwingine, mti haupo, na mahali pale sikupajua.

"Mungu wangu," nikasema.

"Mungu hayumo. Ni mimi, wewe na ndizi zangu."

"Umejua lini?"

"Sasa hivi, nilipoona miguu. Hii ndiyo tunayoezekea jiko kule kwa mama. Niliichagua kwa sababu inachoma." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. "Kwa hiyo mzee anaitafuta hii miaka yote?"

"Utamwambia?"

Alikung'uta khanga yake, akajifunga. "Aliyelala ni wewe. Mimi nilitandika tu."

Akaniachia. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe kwa muda mrefu, kwamba aliniachia. Nilitembea kutoka pale hadi kwenye gari, labda hatua mia, na katika kila hatua nilimwona akivishwa kamba ya viatu. Maana ukweli ukisemwa, aliyepata mahali pa nyasi ile si mimi. Ni yeye, aliyekulia juu yake.

Mzee Kibwana alikuwa ameweka ubao mapajani, kalamu tayari. "Rajabu, nakuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu. Umeridhika kwamba imeota yenyewe? Hakuna aliyeipanda?"

"Imeota yenyewe, mzee," nikasema. "Hakuna aliyeipanda."

Na kweli hakuna aliyeipanda. Akanipa kalamu, nikaiandika lebo. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake, nisimvunje moyo mzee aliyefurahi. Si kweli. Nilifanya kwa ajili ya ufunguo.

Chukueni hapa kanuni yangu ya pekee ambayo sikuiiba kwa mtu: nyasi iliyoota mahali pake haina pembe. Kingo zake zimechanika. Hapa inafuata mawe, pale inasukumwa na kivuli, pale inachanganyika na majirani zake wa siku zote. Ukiona mstari, kuna mtu alipita. Ukiona duara, palikuwa na zizi. Ukiona pembe nne, uliza nani alilala hapo. Na mkiambiwa nyasi imeota yenyewe, msiridhike. Ulizeni mbegu ilifikaje.

Mzee Kibwana alistaafu kabla ya mvua za mwaka ule. Akanivisha kamba mwenyewe. "Fungua makabati mara kwa mara," akaniambia, "hewa iingie." Nikafungua. Kila mwezi, kila kabati, kila jalada. Isipokuwa jalada moja la kabati la tatu. Lile nilikuwa nalipita kama mtu anavyopita nyumba ya anayemdai.

Nilipata mlango, basi. Watu wakanigongea. Na Mama Skola akaendelea kupanda milima na ndala zake, akirudi na mimea mgongoni na jua usoni, akinikuta mimi nimekuwa mweupe kwa kukaa ndani. Nilimwonea wivu zaidi kuliko mwanzo. Alikuwa hana cha kuficha. Alicheka kwa mdomo wote. Na kila alipoingia kuleta karatasi zake alinisalimu salamu moja, iwe asubuhi, iwe jioni.

"Umelalaje, mtani?"

"Salama," nilikuwa nikijibu, na siku yangu ikaharibika. Nilijua ananikumbusha. Nilijua anafurahia. Miaka yote ile, mpaka akastaafu yeye, na baadaye mimi, nilimjibu "salama" nikitazama meza.

Wiki iliyopita mwenzenu Neema alinipigia. "Babu shikamoo. Jumatatu tunakwenda Kisaki kwa msokoto. Utatuonyesha mahali?" Nikamwambia nitampigia. Nikakaa kitandani. Kumbe mtaichimba nyasi kwenye godoro langu, kama imebaki, au mtazunguka Kisaki nzima mkitafuta isiyokuwapo, na mteremko utaendelea kushuka. Kesho yake nikaja ofisini. Mliniona. Mlidhani nimekuja kusalimia. Niliomba ufunguo, nikaingia na lebo mpya niliyoiandika nyumbani, ya kweli, yenye jina la Mama Skola. Kuliandika jina lile kwenye mstari wa mkusanyaji kulinichukua muda kuliko lebo yote.

Nikafungua jalada. Masuke yangu yalikuwapo, yasiyo na miguu, na lebo yangu yenye mwandiko mzuri. Nikainua karatasi niitoe. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine.

Ilikuwa msokoto mzima. Miguu yake yote, mizizi imeoshwa ikatandazwa, manyoya ya dhahabu bado yanang'aa, shina limekunjwa mara mbili kwa ule mkunjo wa Mama Skola ambao sijawahi kuuiga ukakubali. Na lebo kwa herufi zake kubwa, za mtu anayeandika polepole:

"Mahali: ukingo wa mawe juu ya nyumba ya mama yangu, juu ya Kinole. Hukaa kati ya mawe, hupenda jua la asubuhi, haipendi kulimiwa. Pia Kisaki, kitandani. Mkusanyaji: godoro la Rajabu."

Na chini ya hapo, kwa penseli nyekundu, alama ya vema na neno moja la Mzee Kibwana: "Nimeona."

Nilikaa kwenye kile kiti changu cha zamani. Nikatoa simu.

Mama Skola alipokea mlio wa pili. Sikuwa nimesema neno.

"Umefungua," akasema.

"Umejuaje?"

"Unapumua kama mtu aliyefungua."

"Uliiweka lini?"

"Wiki ile ile. Nilimpelekea mzee shina zima kutoka kwetu, tukaandika pamoja, akacheka mpaka akashika mbavu. Tukasema tumwekee mtani chini ya karatasi yake. Ataiona akifungua, atacheka, atabadilisha lebo, yatakwisha. Nilidhani ni suala la siku mbili. Kila nikija nakuuliza umelalaje, unaangalia meza. Mtani, umenikawiza kicheko changu mpaka meno yameng'oka."

"Na ufunguo? Alijua, akanipa?"

"Ufunguo alinipa mimi kwanza. Nikakataa. Mimi nikae chumbani ninuke dawa ya nondo kama koti la bwana harusi? Nikamwambia mpe Mzigua, anautaka mpaka unamtoka jasho. Atayatunza makabati vizuri huyo, hataondoka tena. Si kweli?"

Ilikuwa kweli. Niliyatunza vizuri, na sikuondoka tena. Nilichomwibia yeye alikuwa ameshakikataa, na nilichokificha watu wawili walikuwa wameshakicheka. Nikamwambia kwamba nimeleta lebo mpya, yenye jina lake.

"Ichane," akasema. "Yangu ni nzuri zaidi."

Na hilo nalo ni kweli, vijana. Nilijaribu. Nilikaa pale nikageuza karatasi nikajaribu kutunga mstari mmoja utakaoipita ile ya godoro. Nilijaribu mara nne. Nikaichana yangu, ya zamani na mpya, nikaiacha yake.

Kwa hiyo msiende Kisaki. Nendeni Kinole, mpande mpaka migomba ikome, muulize kwa Mama Skola. Anatembea kwa fimbo sasa lakini ndala ni zile zile. Atawapeleka kwenye ukingo wa mawe. Mwombeni ruhusa yeye na ndugu wa ukoo wa mama yake, kwa kuwa ardhi ile ni yao, na msichimbe zaidi ya shina moja katika matano. Chimbeni kwa vidole, mtoe miguu yote. Ataweza kuwafundisha katika asubuhi moja kile ambacho mimi nilikipata kwa miaka ya kuchungulia juu ya bega lake. Mtarudi mnamsifu, najua. Msinihadithie.

Atawapa ndizi, kuleni. Na akisema njia ni ndefu, ngoja awajazie godoro la kulalia, mshukuruni, mlipokee kwa mikono miwili, kisha mkate kamba ya mgomba mwangalie ndani.